Toyomi na Mwezi wa Maharage

Kila vuli watu hutoka Osaka na Kyoto, na wengine mbali kuliko huko, kuja kuyatazama manyasi ya Obanahara. Wanapanda mlima wakihema, wanatokea juu kwenye uwanda, wanasimama katikati ya nyasi zilizowapita vichwa, wanapigana picha, kisha wanashuka na njaa. Njaa hiyo ndiyo iliyomlisha Toyomi tangu alipoolewa. Alikuwa na kibanda chini ya mlima, pale njia inapoanza kupanda, akiuza dango: madonge ya unga wa mchele aliyoyatunga kwenye vijiti kama mishikaki, akayachoma juu ya makaa na kuyapaka mchuzi mtamu wa soya.

Wageni walipenda kumwuliza, "Mama, leo kule juu kukoje?"

"Leo ndiyo leo," alikuwa akijibu bila kuinua macho kwenye makaa. "Mmeiwahi siku yenyewe."

Kila siku ilikuwa siku yenyewe, hata ile ya ukungu ambayo mtu haoni vidole vyake. Na ukweli, ambao sisi majirani tuliujua na kumcheka nao, ni kwamba Toyomi hakuwa amepanda kule juu kwa ajili ya kutazama hata mara moja. Utotoni alipanda na mama yake kukata nyasi, akashuka na miganda mgongoni iliyomfunika mpaka ikabaki miguu tu inayotembea. Baadaye akawa na kibanda, na nyasi zinapopendeza ndipo kibanda kinapojaa watu, sasa mtu apande saa ngapi.

"Mimi nilizibeba," alikuwa akisema. "Mgongo wangu unazijua. Macho yapumzike."

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono ya kazi na mdomo usiolala. Ukimchokoza alikurudishia papo hapo na chenji juu. Marehemu mumewe, Katsumi, dereva wa lori la magogo, alikuwa mpole wa kupindukia, na watu walisema alikaa kimya miaka yote ya ndoa kwa sababu hakupata nafasi. Toyomi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiusimulia utani huo, tena kwenye matanga yake, huku machozi yanamtoka na watu wanacheka. Hawakujaliwa mtoto.

Katsumi alimwachia nyumba ya babu yake, na juu ya nyumba hiyo paa la nyasi. Usidhani kipaa cha banda la kuku. Paa la huku kwetu ni nene kama magodoro yaliyopangwa, limelala juu ya nyumba kwa heshima zake, na likitunzwa linaweza kumzika aliyeliezeka na mwanawe. Lakini hilo halikutunzwa. Katsumi alilitia viraka vya bati hapa na pale, na alipofariki viraka vikaanza kung'oka. Mvua ikapata mlango. Toyomi akapanda ngazi mwenyewe akafunika upande wa jikoni kwa turubai la buluu, akalikandamiza kwa mawe, na ndani akapanga mabeseni. Mvua ikinyesha usiku alikuwa anajua kwa mlio beseni lipi limejaa.

Dada yake, Mitsue, aliyekuwa akiishi ghorofani huko Osaka, alimpigia simu kila Jumapili.

"Chumba chako kipo," Mitsue alisema. "Kina dirisha, kina joto, na lifti mlangoni. Mimi nakuandalia chumba, wewe unaiandalia mvua mabeseni."

"Mvua haijanisumbua kama wewe."

"Toyomi, ukianguka kwenye hiyo ngazi nani atakuokota? Bi Shizu?"

Bi Shizu, jirani aliyeuza figili na achari kwenye meza iliyopakana na kibanda, alikuwa na miaka zaidi ya themanini, na yeye mwenyewe alihitaji wa kumwokota. Basi mwaka huo, baada ya mvua za kiangazi kumwaga maji mpaka kwenye matandiko, Toyomi akasalimu amri. Akamwambia dada yake kwamba theluji ya kwanza ikianguka atafunga kibanda, atafunga na nyumba, atahamia Osaka. Kila mtu kijijini alijua maana yake. Nyumba ya nyasi inaishi kwa moshi wa jikoni. Ukizimwa moto, wadudu na unyevu wanaingia, na haichukui muda inalala chini.

Sasa tumseme Fundi Yasuji.

Yasuji alikuwa fundi wa kuezeka, mtu wa bonde la upande wa pili wa mlima. Kila vuli alivuka kwa miguu kuja kuzikagua nyasi za Obanahara kabla hazijakatwa, maana hizo ndizo alizotumia kwenye mapaa ya mahekalu na ya nyumba za watu wachache waliobaki wanaojali. Alikuwa mrefu, mkavu, aliyefiwa na mke siku nyingi, na maneno aliyatoa kama mtu anayeng'oa jino. Akishamaliza kukagua alishuka mpaka kwa Toyomi, akakaa mwisho wa benchi, akala vijiti vyake kimya, akafuta mdomo kwa kitambaa.

"Vipi?" Toyomi alikuwa akimwuliza.

"Zinalika."

Kila mwaka, neno lile lile. Wageni walimsifu Toyomi mpaka wakamchosha, wengine walibeba dango zake kwenda nazo mjini, lakini huyu mmoja alikula, akafuta mdomo, akasema zinalika. Toyomi alikuwa akilibeba hilo neno mpaka nyumbani.

"Zinalika," alimwambia Bi Shizu. "Hata kamba ya kiatu inalika ukiichemsha."

"Na kila mwaka unamwekea zile kubwa," alisema Bi Shizu.

"Zinakuwa zimebaki."

"Enhe. Zinabaki kwenye sahani uliyoifunika tangu asubuhi."

Toyomi akamkata jicho, na Bi Shizu akaendelea kupanga figili zake.

Mwaka huo Yasuji alishuka jioni ya Mwezi wa Magimbi. Huku kwetu vuli ina miezi miwili ya kutazamwa angani. Wa kwanza ni mpevu kamili, nao tunauandalia magimbi ya kuchemsha, ndiyo maana ya jina. Wa pili unafuata karibu mwezi mzima baadaye, hauna ukamilifu, umebonyea kidogo ubavuni, nao tunauandalia maharage mabichi. Yote miwili inawekewa dango nyeupe na shada la nyasi kwenye chombo. Kijiji hakiruhusu mtu kupeleka mundu uwandani kabla ya siku ya kufungua ukataji, lakini kishada cha kuupokea mwezi kila nyumba ina ruhusa. Na kuna sharti moja: aliyeutazama mwezi wa kwanza lazima autazame na wa pili, tena kutoka mahali pale pale. Akiuona mmoja akauacha mwingine, au akabadilisha mahali, amejitafutia mkosi wa mwaka mzima.

Toyomi na Bi Shizu walikuwa wameshapanga sahani zao mbele ya kibanda, wanangoja. Mlima uko upande wa mashariki, kwa hiyo mwezi huwa unachelewa kufika pale chini.

"Umeshachomoza huko juu," alisema Yasuji alipokuwa anakaa. "Nyinyi bado mko gizani."

"Sisi mlima unatuzibia, fundi. Kaa ungoje na wanyonge wenzio."

Akakaa. Ulipotokeza juu ya mgongo wa mlima, ulikuwa mkubwa na mwekundu kidogo, na nyasi za juu kabisa zikaonekana moja moja mbele yake. Wote watatu wakautazama. Yasuji akala dango nyeupe, akala gimbi, akala tena dango.

"Basi umekwisha," Toyomi akamwambia. "Umeuona wa kwanza, sharti urudi uuone wa pili. La sivyo mkosi utakuandama mpaka chooni."

"Mimi siyafuati sana hayo."

"Mtu anayeshinda juu ya mapaa asiyafuate?" Bi Shizu akadakia. "Nimewazika wangapi walioanguka."

Yasuji akatafuna polepole. Ilionekana habari ya kuanguka imemwingia.

"Mahali pale pale?" aliuliza.

"Pale pale," alisema Toyomi. "Pale macho yako yalipouona kwanza. Si hatua moja huku wala kule. Usije ukaniletea ujanja wa kuutazamia kwako ukasema ni mwezi ule ule."

"Nitakuja," alisema Yasuji. Akafuta mdomo.

"Zinalika?" Toyomi akamwahi.

"Zinalika."

Akaondoka kurudi kwao kwa njia ya mlimani, na tochi yake ikaonekana kwa muda ikipanda, kisha ikazimika kwenye nyasi.

Usiku huo Toyomi alijifanyia ujinga, na alijua ni ujinga. Akiwa anapanga mabeseni yake, alijiambia hivi: huyu mtu akirudi Mwezi wa Maharage, kama alivyosema, basi mimi siendi Osaka. Sijui nitaishi vipi na paa hili, lakini siendi. Asiporudi, nitajua hakuna kilichobaki huku cha kunishika. Hakumwambia mtu yeyote. Lakini kesho yake alikuwa anaimba kibandani, na Bi Shizu hakuzaliwa jana.

Wiki zikapita. Nyasi zilizokuwa na wekundu wa mashuke mapya zikageuka fedha, kisha dhahabu. Wageni wakaja kwa mabasi. Toyomi akachoma, akapaka mchuzi, akawaambia wote leo ndiyo leo. Mitsue alipiga simu kuuliza kama apake chumba rangi ya maziwa au ya kijani, na Toyomi akasema asipake kwanza.

"Nisipake kwa nini? Umebadilisha mawazo?"

"Nimesema usubiri fundi wa rangi. Mafundi wanachelewa lakini wanafika."

"Fundi nimeshampata mimi."

"Haya, umebarikiwa," alisema Toyomi, akakata simu mapema.

Siku ya Mwezi wa Maharage ikaamka angavu, haina hata wingu la kuombea. Toyomi alifunga biashara kabla ya wakati wake, akawarudisha watu waliotaka dango wakiwa na hela mkononi, jambo ambalo halijapata kutokea. Akachemsha maharage na chumvi. Akakanda dango nyeupe kwa maji ya kisima, si ya bomba. Akavaa aproni mpya ya buluu.

"Na rangi ya mdomo," alisema Bi Shizu.

"Midomo inakauka na baridi."

"Hata mimi inanikauka. Nipake basi."

Toyomi akampaka kweli, wakacheka mpaka Bi Shizu akashika meza. Kisha wakakaa kungoja. Benchi lilikuwa limepanguswa, na mwisho wake, mahali pa Yasuji, paliwekwa mto wa kukalia. Jua likaanza kupungua nguvu. Wageni wakawa wanashuka makundi makundi. Toyomi alitazama kila aliyeshuka, kwanza usoni, baadaye miguuni, maana viatu vya Yasuji vilikuwa vile vya mafundi wa kuezeka, vilivyogawanyika kidole gumba na vingine. Zikapita raba, buti, na viatu vya kisigino vya bibi mmoja aliyekuja kujitesa. Vya fundi havikupita.

Mwezi ukachungulia juu ya mgongo wa mlima kukiwa bado na mwanga. Ulikuwa mweupe, umebonyea ubavuni kama kawaida yake. Toyomi akautazama, akautazama mto mtupu mwishoni mwa benchi.

"Pengine mguu unamwuma," alisema Bi Shizu.

"Mguu wa kuvuka hauumi. Wa kurudi ndio unauma."

"Ngoja kidogo."

"Nimeshangoja, Bi Shizu. Nimengoja na rangi ya mdomo." Akatoa simu kwenye aproni akampigia dada yake. "Dada, njoo unichukue. Jumamosi hii."

"Si ulisema theluji?" Mitsue akashangaa.

"Theluji ina nini? Njoo Jumamosi. Paka rangi unayotaka."

"Umelia wewe?"

"Moshi wa makaa."

Makaa yalikuwa yamezimwa tangu mchana, na Bi Shizu alijua, lakini alijitia kuchambua maharage. Toyomi akasimama. Akavua aproni mpya, akaikunja, akaiweka juu ya mto wa Yasuji. Kisha akatazama juu, kule ambako jua lilikuwa bado halijaondoka, na hasira ikamgeukia kitu kingine.

"Mimi naondoka mji huu," alisema, "na sijawahi kukiona hicho kinachowaleta watu hapa. Nitawaambia nini watu wa Osaka wakiniuliza?"

"Waambie leo ndiyo leo."

"Bi Shizu, nakwenda juu."

"Sasa hivi? Na dango?"

"Kula wewe. Kula zote."

Akapanda. Hakubeba kitu, na hilo peke yake lilimchanganya, maana mgongo wake ulikuwa haujawahi kwenda njia ile bila kamba na mundu. Mara mbili alijikuta amepeleka mkono begani kuinua mzigo ambao haupo. Wageni waliokuwa wanashuka walimtambua.

"Mama wa dango, leo na wewe unapanda?"

"Leo ndiyo leo," alijibu, akapita.

Alikuwa anapumua kwa shida na anamtukana Yasuji kimoyomoyo kila akikanyaga, ukoo mzima wa mafundi wa kuezeka akautukana, mpaka njia ikakata kona ya mwisho na kumtoa kwenye uwanda. Hapo matusi yakamwishia.

Jua lilikuwa limeshuka mpaka likawa linapita katikati ya nyasi badala ya juu yake, na kila shuke lilikuwa limewaka kutokea ndani. Eneo zima la uwanda, mpaka kwenye vilima vya mbali, lilikuwa la dhahabu na linatembea, upepo ukija linalala upande mmoja, upepo ukipita linainuka tena bila haraka. Na upande wa pili wa mbingu, mwezi wa maharage ulikuwa umekaa mweupe, unalitazama jua linavyoondoka. Toyomi alizijua nyasi zile kwa uzito, kwa kuwasha shingoni, kwa kukata vidole. Hakujua kwamba zinaweza kufanya hivi. Akasimama katikati ya njia na mikono yake mitupu.

"Kumbe," alisema peke yake.

Akaanza kucheka. Miaka yote aliyowadanganya watu kwamba leo ndiyo siku yenyewe, na kumbe alikuwa anawaambia kweli. Alifurahi mpaka akajisikia mwepesi, akanyoosha mikono akayaacha mashuke yampite kwenye viganja, akaenda hivyo kama mtoto aliyetoroka kazi, na kwa kitambo hicho hakukumbuka Osaka wala paa wala mtu yeyote.

Mtu akakohoa.

Kulikuwa na jiwe kubwa pembeni mwa uwanda, pale mlima unapoanza kushuka kuelekea kijijini. Chini ya jiwe, juu ya mkeka, alikuwa amekaa Fundi Yasuji na koti safi, nywele amezilaza kwa maji. Mbele yake kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa na kishada cha nyasi kwenye chupa.

"Umechelewa," alisema.

Toyomi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakikutoka kitu. Kisha kikatoka.

"Nimechelewa? Mimi? Mimi nimekaa kule chini na mto nimekutandikia, na maharage nimechemsha, Bi Shizu amepakwa rangi ya mdomo, wewe uko huku umejibanza nyuma ya jiwe kama nyani?"

"Ulisema mahali pale pale."

"Ndiyo, kibandani!"

"Hukusema kibandani. Ulisema pale macho yako yalipouona kwanza, si hatua moja huku wala kule." Yasuji alionekana ameumia. "Macho yangu yaliuona hapa. Nilikuambia siku ile, nilikuambia umeshachomoza huko juu."

Toyomi akakumbuka. Akakumbuka na yeye mwenyewe alivyosema. Alikaa kwenye mkeka.

"Na mimi ningejuaje nipande huku?"

"Nilidhani umenielewa, na ukishauona kwako utapanda. Nikakaa nangoja. Ningeshuka nikishauona vizuri. Kabla ya hapo siwezi, mimi nashinda juu ya mapaa." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Jana mchana kutwa nilijizuia nisipande ngazi."

"Lakini na wewe, mtu wa heshima zako, siku ile ulikuwa unafanya nini nyuma ya jiwe hili saa ya mwezi kutoka? Nyasi zinakaguliwa mchana."

Yasuji alinyoosha kidole chini. Toyomi akafuata kidole, akaona kijiji chote kimekaa bondeni, na katikati yake nyumba moja ya nyasi, imezeeka, imetiwa viraka vya mabati, na ubavuni ina doa la buluu la turubai lililokandamizwa kwa mawe. Hakuwa amepata kuiona nyumba yake kutokea juu. Ilionekana ndogo na yenye adabu, kama mtu anayeumwa lakini hataki kusumbua watu.

"Kila mwaka nikimaliza kukagua nakaa hapa," alisema Yasuji. "Namtazama mwenye nyumba anavyozunguka na mabeseni yake anayaanika. Hilo paa linaniuma, Bi Toyomi. Linaniuma mpaka nikilala."

"Ungesema."

"Nimeanza kusema miaka mingi. Nikifika pale kwako nakuta umeshasema wewe."

Toyomi akacheka, akafuta macho kwa mkono, na mara hii hakutaja moshi.

"Nimewaomba wazee wa kijiji," Yasuji aliendelea, naye sasa alikuwa ameshafunguka, hazuiliki. "Nyasi za upande huu wote, kutoka jiwe hili mpaka kule kwenye mti, mwaka huu haziendi hekaluni. Baridi ikikaza tutazikata, zitakaa zikauke, na maua ya plamu yakitoka nitapanda juu ya paa lako. Ni kazi ya muda mrefu. Siwezi kuwa navuka mlima kila asubuhi na magoti haya."

"Utalala wapi?"

"Ndilo nililokuja kuuliza."

Toyomi alitazama nyasi zilizosimama kati yake na ule mti. Alizitazama moja moja sasa, kwa jicho la mwenye mali.

"Na mwezi?" alisema. "Mimi nimeuona kule chini, wewe umeuona huku. Tumefuata sharti, lakini kila mtu na lake."

"Mwakani tuuone wote miwili mahali pamoja."

"Barazani kwangu unaonekana vizuri. Mlima unauchelewesha kidogo tu."

"Nitangoja," alisema Yasuji.

Toyomi akatoa simu. Mitsue alipokea akiwa bado na furaha, akaanza kusema habari za rangi ya kijani.

"Dada, usije Jumamosi."

"Haya, sasa nini tena?"

"Paa linaezekwa."

"Linaezekwa na nani?"

"Na fundi."

"Fundi gani huyo?"

Toyomi alimtazama Yasuji, aliyekuwa ameinamisha kichwa anafunua sahani yake kwa uangalifu mkubwa. Ndani yake kulikuwa na dango alizozikanda mwenyewe. Hakuna iliyokuwa ya duara. Moja ilikuwa na pembe, nyingine ilikuwa na alama ya kidole gumba, na zote zilikuwa zimekauka kwa kungoja. Alimsogezea sahani kwa mikono miwili.

"Nitakupigia baadaye," Toyomi alimwambia dada yake, "nina mgeni."

Akachukua ile yenye alama ya kidole, akaiuma. Ilikuwa ngumu, na katikati unga haukuiva. Akatafuna mpaka mwisho, taratibu, huku Yasuji anamtazama. Jua likamalizikia nyuma ya vilima, nyasi zikageuka kutoka dhahabu kwenda fedha, na Toyomi akafuta mdomo wake kwa kile kitambaa cha sahani.

"Vipi?" aliuliza Yasuji.

"Zinalika," alisema Toyomi, akachukua nyingine.